Nyota Iliyobaki Chemba

Nyota zimenichosha. Ninazozisema ni zile tano za kwenye duka la programu za simu, zinazokaa chini ya jina la kazi yako zikimngoja mtu yeyote, awe ameamka vizuri au vibaya, aje azibonyeze. Mwalimu akikupa alama mbaya, angalau unamjua na unajua alikufundisha nini. Hizi nyota hujui kazitoa nani, wala alikuwa anasahihisha kitu gani.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Ninaifanyia sebuleni kwangu, Mkonze, kwenye meza ambayo nusu yake ni ya kupigia pasi. Programu iliyonizeesha kuliko zote ilikuwa ya mashine ya kukamua alizeti kule Kizota. Ilifanya jambo dogo tu: asubuhi msimamizi anaandika kama mashine inazunguka, kama umeme upo na foleni ikoje. Mkulima wa Chemba au Kibakwe anafungua simu, anasoma, kisha anaamua kama apakie magunia kwenye gari au abaki nyumbani apalilie mambo mengine. Mafuta yake yakiwa tayari, anapata ujumbe. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Niliiandika kwa sababu ya mama mmoja wa Kibakwe. Nilimkuta nje ya geti la mashine amekaa juu ya magunia yake, kanga ameivuta mpaka puani kwa ajili ya vumbi. Mashine ilikuwa imekufa tangu juzi, yeye hana nauli ya kurudisha mzigo milimani, na mtu wa kumwachia hamjui. Aliniambia angejua asingetoka. Neno hilo lilinikaa kichwani kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia.

Mwenye mashine ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa Dodoma, Kiswahili chake cha mjini kabisa, na Kigogo cha kununulia alizeti anakijua kunishinda. Yeye aliikubali programu, lakini wanawe hawakuipenda. Walisema mkulima mwenye shida apige simu, hizo nyingine ni mbwembwe. Mzee akawa katikati, na mtu akiwa katikati hutafuta kipimo cha kumtoa pale. Kipimo alichokiona ni nyota.

"Dada, mimi mambo ya programu siyajui," aliniambia. "Ninachojua ni mteja akiridhika. Mwisho wa msimu nikikuta nyota nne, tunaendelea. Zikipungua, tunafunga."

Nilikubali, maana kukataa kungekuwa kuifunga siku ileile.

Shida ni kwamba watu wetu hawana desturi ya kwenda kuandika mahali kwamba wamehudumiwa vizuri. Ukimfanyia mtu jema atakushukuru mkikutana njiani, au atakuletea karanga. Anayekwenda kuandika ni mwenye hasira. Kwenye ukurasa wetu palikuwa na nyota tano za dada yangu, tano za mwimbaji mwenzangu wa kwaya, na mbili za mtu nisiyemjua aliyeandika, "Nzuri sana, Mungu awabariki." Nilizitazama zile mbili na baraka zake, nikaifunga simu.

Ndipo nikaweka kitufe. Kwa asiyejua, kitufe cha namna hii ni mlango tu. Mtu akikibonyeza akiwa ndani ya programu yako, simu inamtoa na kumpeleka dukani moja kwa moja, kwenye ukurasa wa programu hiyohiyo, pale penye nyota na nafasi ya kuandika. Kukitengeneza ni mistari michache. Unaiambia simu ifungue anwani ya duka, mwishoni unaweka kitambulisho cha programu yako, na unaacha njia ya pili ya kupitia kwenye mtandao wa kawaida, ikiwa simu ile haina duka. Kazi ngumu ni kujua umuulize mtu wakati gani. Wengine wanamuuliza akifungua tu, sawa na kumuuliza mgeni chakula kilikuwaje naye bado anavua viatu mlangoni. Mimi nilikiweka baada ya ule ujumbe wa kwamba mafuta yako tayari, nikidhani hapo moyo wa mtu unakuwa mweupe. Mwanzo niliandika "Tathmini programu hii", nikaona inanuka ofisi. Nikabadilisha, nikaandika, "Umeonaje? Tuambie."

Maoni yakaanza kuja, ila yakaja kwa mtu mmoja.

Jina lake lilikuwa la duka la simu la Chemba. Mara ya kwanza aliweka nyota tano: "Asante, mafuta nimepata safi." Nilifurahi peke yangu jikoni. Mara ya pili zile tano hazikuwepo, na chini ya jina lilelile pana nyota moja: "Umeme umekatika nimerudi na magunia." Zikaja tatu: "Shikamoo. Foleni ndefu, jua kali, getini hakuna kivuli." Zikaja tano tena. Kisha mbili, bila neno. Kila alipoandika jipya, la zamani lilifutika, kwa sababu lile duka linampa kila mwenye akaunti oni moja tu kwa kila programu. Ukiandika lingine, la kwanza linaondoka. Na kwa kuwa walioandika walikuwa wachache, huyu bwana mmoja alitubeba sote mgongoni. Akipandisha, wastani wetu unavuka nne. Akishusha, tunarudi kwenye tatu na kufungwa.

Mwenye mashine alikuwa akiangalia kila asubuhi kabla ya chai, halafu ananipigia. Siku moja aliniuliza huyu mtu ana nini, ameoa vibaya? Siku nyingine alisema lazima ametumwa na mashine ya jirani. Mimi nilimwandikia jibu palepale chini ya maoni yake: ndugu mteja, tunaomba utueleze tatizo ni nini. Akajibu kwa kuweka nyota nne na kuandika, "Hamna tatizo, kwani kuna nini?"

Nilikasirika kweli. Nilikuwa nikipika namwaza, nikifua namwaza. Msimu ulikuwa unakwisha, upepo ule wa baridi wa Dodoma umeshaanza kuchanganyika na vumbi, na maisha ya ile programu yako mkononi mwa mtu asiyejua anachotaka. Mwishowe nikaona heri nimfuate nimwone kwa macho. Nikajifunga kitenge juu ya sweta, nikapanda basi la kwenda Chemba.

Duka nililikuta bila taabu, maana kila niliyemuuliza alikuwa amenunua simu hapo. Mwenyewe alikuwa fundi wa simu wa makamo, mpole, ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Nilimsalimu, nikajieleza, nikamwonyesha jina lake na zile nyota. Alifuta mikono, akasoma kwa muda mrefu.

"Dada, akaunti ni yangu," akasema. "Lakini mimi sijawahi kuandika hata neno."

Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Simu mpya haiendi mpaka uiingizie akaunti. Wateja wake wengi hawana barua pepe, na hata akiwafungulia, wanasahau neno la siri, kisha wanarudi kumlilia dukani wakati simu imejifunga na picha za watoto ziko ndani. Akaona awapunguzie taabu. Kila simu iliyotoka mezani kwake, miaka yote hiyo, aliiingizia akaunti yake mwenyewe, kwa sababu neno lake la siri halisahau.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilikaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa. Kumbe nilikuwa nimegombana msimu mzima na mtu asiyekuwepo. Yule bwana kigeugeu alikuwa mkulima aliyepata mafuta, na mwenzake aliyekatikiwa na umeme, na mama aliyechomwa jua getini, na yeyote aliyeuliza kwani kuna nini. Vijiji vizima vilikuwa vinasema kwa mdomo mmoja, kila anayesema anamfuta aliyetangulia. Nilitaka kumkasirikia fundi, hasira ikakosa pa kushika. Alichofanya ni kuwasaidia watu.

Kwenye benchi palikuwa na mzee akisubiri simu yake ijae chaji. Alikuwa ametusikiliza muda wote. Nilikuwa nimemwamkia nilipoingia, naye aliitikia bila kunitazama. Sasa akanitazama.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilikusifu, mwanangu. Niliandika kwa shida, Kiswahili changu cha kuandika ni kizito. Kesho yake nikaenda kuyasoma maneno yangu, hayapo. Nikasema, huyu amenifuta."

Hilo liliniuma kuliko nyota zote. Nilimwambia si mimi, nikamweleza habari ya akaunti moja na oni moja, fundi akamalizia kwa lugha yao, ile yenye kugongesha ulimi, ambayo mimi hata salamu yake siiwezi. Mzee alielewa upesi. Alisema ikiwa watu wengi wana mdomo mmoja, basi mdomo huo usiseme kabla ya kikao. Wala hakutania. Siku ile ilikuwa ya mnada, wakulima wengi wamekuja mjini, na wengi wao simu zao ni za duka lile. Akatuma waitwe.

Wakakaa barazani mwa duka, wanaume kwa wanawake, mzee akawa mwenyekiti na fundi akawa katibu. Niliombwa nieleze kilichonileta. Nikawaambia wazi: zikifika nne programu inabaki, zikipungua tunarudi kule tulikotoka, kwenda na magunia kwa kubahatisha. Baada ya hapo kikao kikahamia kwenye lugha yao na mimi nikabaki nje yake, nikiokota maneno machache ya Kiswahili yaliyokuwa yakipita: nyota, foleni, bando, umeme. Mama mmoja alisema kwa ukali na kuonyesha jua kwa kidole. Mwingine alimjibu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani wanipe hata moja, ili mradi nirudi nyumbani.

Waliponigeukia, mzee alizungumza polepole ili nisikose neno.

"Wengine wametaka tukupe tano. Tumekataa. Tunakupa nne, programu yako ipone. Ile moja tunaibakiza. Siku tajiri wako akituwekea kivuli pale getini, tutakaa tena, tutaileta."

Ningeweza kuwaambia kwamba mimi ni mtengeneza programu, kivuli hakinihusu, lakini kwao mimi, geti, mashine na umeme tulikuwa kitu kimoja, na nikifikiri vizuri sijui kama walikosea. Fundi akaandika kwa niaba yao kwamba wamekaa na kukubaliana, kwamba programu inawasaidia kutosafiri bure, na kwamba kinachokosekana ni kivuli. Akasoma kwa sauti. Wakaitikia. Akabonyeza zile nne, wakaafikiana kwamba asiandike mtu tena peke yake mpaka kikao. Nilipewa karanga mfuko mzima.

Mwenye mashine aliyasoma yale maoni akiwa amesimama kando ya magunia ya mashudu, miwani imeshuka puani. Aliyasoma mara mbili. Kisha akatoka mpaka getini, akatazama juu mahali pasipo na kitu, akatazama watu waliokuwa wakingoja, akarudi. Kesho yake palikuwa na turubai la kijani limefungwa kwenye nguzo, na chini yake mabenchi. Huo ndio uungwana wake, na sitaki kumpunguzia.

Wastani wetu ulikuwa umefika nne, na ahadi yake aliitimiza mbele ya wanawe. Tunaendelea, alisema. Nilikuwa nimeanza kumshukuru aliponikatiza.

"Sasa kile kitufe kiondoe."

Nilidhani sijamwelewa. Akanifafanulia kwa upole wa mfanyabiashara. Chemba ni kubwa, si wote waliokuwa kwenye kikao. Kesho atakuja mmoja aliyekatikiwa na umeme, ataweka moja yake, na haya maneno mazuri yataondoka. Akishaingia mgeni mwema, mlango unaufunga.

Nilimweleza habari ya nyota iliyobaki. Nilimwambia wale watu wanaishika kama amana, na turubai ameshaliweka, wataileta. Akasema yeye nne zinamtosha. Nikamwambia naweza kurudi Chemba, nikae na fundi tumfungulie kila mtu akaunti yake. Akaniuliza ni nani atavikusanya vijiji vyote hivyo, na nitamaliza lini. Swali lilikuwa la haki. Wanawe walikuwa wamesimama palepale wakisikiliza, na nilijua nikibisha zaidi, mazungumzo yatarudi kule mwanzo, kama programu yenyewe ina haja. Akilini nilimwona yule mama wa Kibakwe juu ya magunia yake. Nikasema sawa.

Nilikiondoa jioni ileile. Ile mistari michache niliyokuwa nimeiandika kwa matumaini ilitoka kabla maji ya chai hayajachemka. Toleo jipya likaenda, likaingia kwenye simu za watu polepole, kadiri ya bando la kila mmoja.

Mambo yakatulia. Mwenye mashine akaacha kunipigia asubuhi. Siku moja nilipita Kizota, nikamwona mama wa Kibakwe amekaa chini ya turubai na madumu yake ya mafuta yamejaa, anapiga soga na mwenzake, amekuja siku ambayo mashine inazunguka. Hakunikumbuka. Nilipita nikaenda zangu, na siku hiyo niliridhika.

Halafu simu ikaja, napiga pasi. Namba ilikuwa ya fundi wa Chemba, sauti ilikuwa ya yule mzee. Tuliamkiana, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, sikumharakisha. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakingoja.

"Kivuli tumekiona," akasema. "Tumekaa kikao, tumekubaliana wote. Tunaileta ile nyota. Mbona mlango hatuuoni?"

Niliweka pasi pembeni. Nilimwambia kitufe kimeondolewa.

"Mara ya kwanza nilisema umenifuta, ukasema si wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Na safari hii?"

"Safari hii ni mimi."

Nikaanza haraka kumweleza kwamba bado wanaweza, kwamba fundi aingie dukani mwenyewe, atafute jina la programu, ashuke chini mpaka penye nyota, ni palepale, tofauti ni njia tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mlango mmeufunga ninyi," akasema. "Zawadi hatuwezi kuipitisha dirishani."

Akageuka akawaambia wenzake kwa lugha yao. Nililisikia neno nyota katikati, mara moja, kisha mabenchi yakaburutwa, watu wananyanyuka. Nilidhani amekata. Lakini alirudi, akaniuliza kama kesho mashine itafanya kazi, maana ana magunia machache yamebaki. Nikamwambia itafanya kazi, umeme upo, aje mapema.